WACHACHE NDANI YA BARAZA
(Hotuba iliyosemwa mbele ya wanachama, Mraru)



Nimeombwa niseme juu ya swali ambalo limeulizwa mara nyingi katika mikutano yetu. Swali lenyewe ni hili: ikiwa serikali inapigana vita ambavyo watu hawavitaki, na mjumbe wetu barazani yumo katika kundi dogo lisiloweza kushinda kwa kura, mjumbe huyo afanye nini? Askari hana. Hazina hana. Kura zikihesabiwa, atashindwa leo na kesho pia. Je, akae kimya apokee posho yake, au atoke nje akasimame barabarani kupiga kelele?

Sitaki kuwajibu kwa mambo ya kufikiria tu. Nitawaeleza habari iliyotokea kweli, na sehemu yake moja ilitokea hapa karibu nasi. Ninyi mliofanya kazi ya reli mnajua Manyani, maana treni hupita pale kabla ya kufika Tsavo. Siku hizi pana gereza, na pana chuo cha askari wa wanyama wa porini. Lakini katika miaka ya Hali ya Hatari, Manyani ilikuwa kambi kubwa kuliko zote. Baada ya serikali kuufunga mji wa Nairobi tarehe 24 Aprili 1954 na kuwakamata watu kwa maelfu, wengi walitiwa katika magari ya moshi wakaletwa huku, Manyani na Mackinnon Road. Mwaka ule ule homa ya matumbo iliingia Manyani, watu wakafa. Katika wale waliokamatwa walikuwamo makarani wa vyama vya wafanyakazi, wachukuzi, madereva na vibarua wa mjini. Fred Kubai, mmoja wa waanzilishi wa vyama vyetu katika Kenya, alikuwa tayari amefungwa pamoja na Mzee Kenyatta. Makhan Singh alikuwa amekwisha kuzuiliwa tangu 1950, kabla hata ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kwa hiyo habari hii si ya watu wa Mlima Kenya peke yao. Ni habari ya wafanyakazi.

Kwanza nataka mwone jinsi mambo yalivyokuwa pale ambapo watu hawakuwa na mjumbe hata mmoja. Vita vya kwanza vya dunia vilifika Taita kwa miguu. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi wa Agosti 1914, na reli ya kutoka Voi kwenda Taveta ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo. Makaburi ya askari yapo Voi, Maktau na Taveta mpaka leo, na yanatunzwa vizuri. Lakini wachukuzi waliokufa kwa makumi ya maelfu, wakibeba mizigo ya jeshi mgongoni, wengi hawana hata jiwe. Sheria ya kuwachukua kwa nguvu ilipitishwa mwaka 1915. Ndani ya Baraza la Kutunga Sheria la Nairobi hakuwamo Mwafrika wa kusimama na kuuliza, “Watu wangapi wamekufa? Walilishwa nini? Mshahara wao uko wapi?” Mwafrika wa kwanza kuingia katika baraza lile, Bwana Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Miaka thelathini ilikuwa imepita. Basi mtu akiniambia kwamba mjumbe mmoja asiye na kura za kutosha hana faida, namwomba aende Maktau akahesabu mawe, kisha aulize mawe ya wachukuzi yako wapi.

Sasa twende kwenye Hali ya Hatari. Vita vile vilikuwa na mabwana wawili. Kulikuwa na Serikali ya Nairobi chini ya Gavana, Sir Evelyn Baring, na juu yake Serikali ya Uingereza, ambayo Waziri wake wa Makoloni tangu 1954 alikuwa Alan Lennox-Boyd wa chama cha Conservative. Askari walitoka kwao, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwao. Kwa hiyo kulikuwa na mabaraza mawili ambamo serikali ingeweza kubanwa: Legco ya Nairobi na Bunge la London. Katika yote mawili wapinzani walikuwa wachache.

Nianze na London. Ndani ya Bunge lile mjumbe yeyote ana haki ya kumwuliza waziri swali, na waziri lazima ajibu, na jibu lake huandikwa neno kwa neno na kupigwa chapa. Mtu asiyejua kazi ya chama anaweza kudharau jambo hili. Lakini sisi tuliokwisha kukaa mezani na mwajiri twajua maana yake. Meneja anaposema maneno ya mdomo, kesho atayageuza. Yakiandikwa katika kumbukumbu za mkutano na kutiwa sahihi, hawezi kuyageuza ila kwa aibu.

Wajumbe wachache wa chama cha Labour walishika kazi hii ya kuuliza. Walikuwamo Fenner Brockway na Barbara Castle, na wengine. Waliuliza kwa jina la mtu, kwa mahali, kwa tarehe. Bibi Castle alifuata habari ya mtu mmoja aitwaye Kamau Kichina, aliyepigwa mikononi mwa polisi mpaka akafa. Hakuuliza, “Je, polisi wa Kenya ni wakatili?” Swali la namna hiyo waziri hulijibu kwa wepisi kabisa: “La, si wakatili.” Aliuliza juu ya mtu mmoja, kituo kimoja, hukumu moja. Mwishoni mwa 1955 alisafiri mwenyewe kuja Kenya, akapekua habari, akarudi kuziandika gazetini, akauliza tena Bungeni.

Waliuliza pia juu ya Kanali Arthur Young. Huyu alikuwa polisi mkubwa wa Kiingereza aliyeletwa mwaka 1954 kuwa mkuu wa polisi wa Kenya, naye akajiuzulu kabla mwaka haujapita, kwa sababu hakuridhika na jinsi makosa ya askari yalivyofunikwa. Maelezo yake kamili hayakutolewa. Wajumbe wakauliza: kwa nini hayatolewi? Wakajibiwa nusu. Wakauliza tena. Ndugu zangu, serikali inapokataa kuonyesha karatasi, kule kukataa kwenyewe huwa habari, mradi awepo mtu wa kuuliza kila mara bila kuchoka.

Lakini mjumbe wa London angejuaje mambo ya Manyani? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Alijua kwa sababu watu walimwandikia. Mahabusu waliandika barua kwenye vipande vya karatasi, wakazipitisha kwa siri nje ya seng’enge. Bwana J. M. Kariuki, aliyezuiliwa Manyani na katika kambi nyingine nyingi, aliandika barua za namna hii, akaadhibiwa kwa ajili yake, akaandika tena. Baadaye, mwaka 1963, alitoa kitabu chenye habari hizo. Mwezi wa Juni 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung ilifika London ikachapwa katika gazeti la Observer. Barua ile ya penseli ndiyo iliyokuwa risasi ya mjumbe. Bila barua, mjumbe ni kama bunduki tupu iliyotundikwa ukutani.

Sasa niseme juu ya Nairobi. Mwezi wa Machi 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao wa Legco kwa mara ya kwanza. Walikuwa wanane: Tom Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho letu la vyama vya wafanyakazi, Oginga Odinga, Ronald Ngala wa Pwani, Masinde Muliro, Lawrence Oguda, Daniel arap Moi, James Muimi na Bernard Mate. Kura yenyewe haikuwa ya kila mtu, na Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuweza kupiga kura asipokuwa na cheti cha kuonyesha kwamba ni mtiifu kwa serikali. Hata hivyo wanane wale waliingia.

Jambo la kwanza walilofanya lilikuwa kukataa. Serikali iliwapa nafasi ya uwaziri, wakakataa kuishika. Wengine waliwacheka: mtu anapewa gari na mshahara, anakataa! Lakini walikuwa wamepiga hesabu. Serikali inayopigana vita isivyopendwa hupenda sana kuwa na sura za watu wa nchi ndani yake, ili iseme mbele ya dunia, “Tazameni, wenyewe wamo pamoja nasi.” Wale wanane wakainyima serikali kivuli hicho. Katiba ya Bwana Lyttelton ikabaki bila miguu, na mwezi wa Novemba 1957 Lennox-Boyd akalazimika kutoa nyingine, yenye viti sita zaidi vya Waafrika. Sita hao walichaguliwa Machi 1958, wakawa kumi na wanne. Hata hivyo hawakunyamaza, wakaipinga hiyo katiba mpya pia.

Jambo la pili ni matumizi ya ulinzi wa baraza. Wakati ule ilikuwa marufuku kwa Mwafrika kuunda chama cha siasa cha nchi nzima. Vyama vya wilaya tu viliruhusiwa. Mkutano wa hadhara ulihitaji ruhusa, na polisi alikaa mbele na daftari. Mwaka 1958 wajumbe saba walishtakiwa mahakamani na kutozwa faini kwa maneno waliyoyatoa nje ya baraza juu ya Waafrika waliokubali viti vya upendeleo. Lakini ndani ya baraza mjumbe hawezi kushtakiwa kwa maneno yake. Basi Bwana Odinga akasimama ndani ya Legco mwezi wa Juni 1958, akasema kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa bado ndio viongozi wa watu. Baraza lote likachafuka. Wazungu walipiga kelele, na hata baadhi ya wenzake Waafrika waliogopa kwamba amekwenda mbali mno. Lakini neno lilikuwa limekwisha kuingia katika kitabu cha baraza, na magazeti yaliweza kulichapa. Kabla ya siku ile, jina la Kenyatta lilikuwa likinong’onwa. Baada yake, lilisemwa mikutanoni.

Mwezi wa Novemba 1958, Gavana alipokuwa akihutubia Legco, wajumbe wa Kiafrika walisimama wakatoka nje, na baadaye wakaendelea kulisusia baraza. Juu ya jambo hili nina maoni yangu, na asiyekubali ataniuliza. Kutoka nje ni silaha nzuri, ila ni ya siku moja. Ni kama mgomo. Mgomo bila madai yaliyoandikwa, bila siku ya kurudi mezani, huwachosha waliogoma kabla ya kumchosha mwajiri. Kutoka kwao kulikuwa na nguvu kwa sababu walikuwa wamekwisha kusema wazi wanataka nini: mkutano wa kutengeneza katiba mpya, na mwisho wa Hali ya Hatari. Mwezi wa Aprili 1959 Lennox-Boyd akatangaza kwamba mkutano utakuwapo.

Sasa nifike Hola, maana hapo ndipo mabaraza yote mawili yalipokutana.

Mwanzo wa 1959 mzungu mmoja aitwaye Victor Shuter, aliyekuwa ofisa wa magereza na kufanya kazi Manyani, alitoa kiapo cha maandishi juu ya mapigo aliyoyaona. Kiapo hicho kikafika kwa wajumbe wa Labour. Mwezi wa Februari wakaleta hoja Bungeni, wakadai uchunguzi ufanywe juu ya kambi za Kenya na watu wasio wa serikali. Serikali ikasema hakuna haja, yote ni sawa. Kura zikapigwa, wapinzani wakashindwa.

Watu wengi wangerudi nyumbani na kusema, “Tumeshindwa, basi.” Lakini hazikupita siku nyingi, tarehe 3 Machi 1959, kule Hola kwenye mto Tana, mahabusu 85 waliokataa kufanya kazi walitolewa nje kwa nguvu na kupigwa kwa virungu. Watu kumi na mmoja wakafa. Siku ya pili serikali ya Nairobi ikatoa tangazo kwamba watu wale wamekufa baada ya kunywa maji kutoka katika gari la maji.

Angalieni hapo. Kama ile hoja ya Februari haingaliletwa, tangazo la maji lingalipita. Nani angaliuliza? Lakini kwa kuwa serikali ilikuwa imesema wazi Bungeni, siku chache tu zilizopita, kwamba kambi zote ni njema na uchunguzi hautakiwi, kila mtu akageuka kuitazama. Hakimu wa Mombasa, Bwana Goudie, akafanya uchunguzi wa vifo. Madaktari wakaona majeraha. Mwezi wa Mei akatoa ripoti kwamba watu walikufa kwa kupigwa, wala maji hayakuwaua. Kura waliyoshinda mwezi wa Februari ikawa kamba shingoni mwao wenyewe.

Wapinzani wakadai mjadala, na mjadala ukafanywa tarehe 16 Juni. Sir Frank Soskice, mwanasheria wa Labour, ndiye aliyeufungua. Walishindwa tena kwa kura. Lakini ili kujitetea serikali ilikuwa imelazimika kuchapa karatasi za jambo lile: ripoti ya hakimu na barua za maofisa. Baadaye ikachapa nyingine. Humo ndani watu wakaona kwamba kupeleka mahabusu kazini kwa nguvu hakukuwa wazo la askari wa chini. Ulikuwapo mpango ulioandikwa na ofisa mkubwa wa magereza, Bwana Cowan, ukapelekwa juu, ukakubaliwa na wakubwa wa Nairobi. Mpango ulisema mahabusu watolewe kwa vikundi vidogo. Siku ile walitolewa wote kwa pamoja.

Hapa nataka kukawia kidogo, maana mjadala wa pili ni somo zuri kuliko yote, nao haujulikani sana na watu wetu.

Ni desturi ya zamani sana ya Bunge la Waingereza kwamba kabla serikali haijapewa fedha, wajumbe wana haki ya kuleta malalamiko ya watu. Fedha haitoki mpaka malalamiko yasikilizwe. Akina mama wa Mraru hawahitaji kufundishwa jambo hili. Katika miaka ya 1970 walichanga fedha zao kidogo kidogo wakanunua basi lao wenyewe la kwenda Voi, na habari yao ikasomwa mpaka nchi za mbali. Wanajua kwamba saa ya kumwuliza mtu swali gumu ni kabla sanduku halijafunguliwa. Likisha kufunguliwa, utajibiwa kwamba mkutano umekwisha.

Basi mwezi wa Julai, kabla Bunge halijakwenda likizo, serikali ilileta sheria ya kuidhinisha fedha za mwaka. Lazima ipite, maana bila hiyo hakuna mshahara wa mtu yeyote. Na katika mjadala wake mjumbe aweza kuleta lalamiko lake. Usiku wa tarehe 27 Julai 1959 wapinzani wakaleta Hola. Mambo mengine yalikuwa yametangulia, na saa zilikwenda mpaka usiku wa manane. Baada ya saa saba usiku akasimama mjumbe mmoja aitwaye Enoch Powell. Huyu hakuwa wa Labour. Alikuwa wa Conservative, wa chama cha serikali yenyewe, na hapo nyuma alikuwa amekuwa naibu katika wizara ya fedha.

Simsifu mtu huyu kwa mambo yake yote. Mwaka 1968 alitoa hotuba kule Birmingham dhidi ya wahamiaji weusi na Wahindi, hotuba iliyowaletea watu wetu waliokaa Uingereza mateso mengi. Lakini usiku ule alisema kweli. Alizishika zile karatasi zilizochapwa na serikali, akazisoma mstari kwa mstari, akaonyesha kwamba lawama haiwezi kubaki kwa mkuu wa kambi, maana wakubwa waliujua mpango na kuukubali. Akawapinga wenzake waliosema kwamba waliokufa walikuwa watu wabaya kupita kiasi, wasiostahili kuhesabiwa kama watu wengine. Akasema haiwezekani Uingereza iwe na kipimo kimoja cha haki kwa watu wake nyumbani na kipimo kingine kwa Waafrika kwa sababu wako Afrika.

Mwone jinsi ilivyotengenezwa. Barua za mahabusu zilizaa maswali. Maswali yakazaa hoja iliyoshindwa. Hoja iliyoshindwa ikamfunga waziri kwa maneno yake mwenyewe. Mjadala wa Juni ukatoa karatasi. Na karatasi zikampa mtu wa upande wa pili kitu cha kusimamia, ili asionekane kwamba anawasaidia wapinzani kwa chuki tu. Mtu wa Conservative hawezi kusimama na kusema, “Labour wanasema kweli.” Lakini aweza kusema, “Karatasi za serikali yetu zinasema hivi.” Yeyote anayetaka kuwagawanya walio wengi ni lazima awape jambo wanaloweza kulishika bila kuvua nguo za chama chao.

Tena wakati ulikuwa mzuri. Uchaguzi mkuu wa Uingereza ulikuwa karibu. Lennox-Boyd alikuwa ametaka kujiuzulu, wakubwa wenzake wakamzuia, kwa sababu kujiuzulu kwake kungekuwa kukiri. Walishinda uchaguzi tarehe 8 Oktoba 1959. Lakini Lennox-Boyd hakurudi katika wizara ile. Akaingia Iain Macleod, naye alisema baadaye kwamba Hola ndiyo iliyomwonyesha kuwa utawala wa namna ile katika Afrika hauwezi kuendelea. Hali ya Hatari ikaondolewa Januari 1960, na mwezi huo huo wajumbe wetu wakakaa Lancaster House, London, kwenye mkutano waliokuwa wameudai.

Sisemi kwamba Bunge la London lilituletea Uhuru. Maneno hayo ni upuzi, na ni tusi kwa waliokufa msituni. Vita vile vilikuwa vimewagharimu Waingereza kiasi cha pauni milioni 55, nao walikwisha kuchoka. Watu 1,090 walikuwa wamenyongwa kwa hukumu za mahakama. Migomo ya wafanyakazi, mikutano ya Mboya, na hofu ya wakoloni juu ya yale yaliyokuwa yakitokea katika nchi nyingine za Afrika, yote yalifanya kazi. Nasema tu kwamba vita vinaweza kuendelea muda mrefu sana hata vikiwa vimechukiwa, ikiwa hakuna mahali ambapo serikali inalazimika kusimama na kujibu.

Wala sisemi kwamba haki ilipatikana. Juu ya vifo vya Hola hapana mtu aliyepelekwa mahakamani kwa kosa la kuua. Mkuu wa kambi alistaafishwa bila kunyang’anywa malipo yake, na Bwana Cowan alipewa nishani mwaka ule ule. Jina la Hola lenyewe lilibadilishwa likawa Galole, kana kwamba jina ndilo lililoua. Mambo haya lazima tuyaseme pia, ili kijana asidhani kwamba ukiuliza swali zuri Bungeni basi mambo yamekwisha.

Sasa ndugu mmoja hapa mbele ameniuliza kabla hatujaanza: je, leo sisi tuna nini? Tuna zaidi ya walivyokuwa nacho. Chini ya Katiba ya 2010, Hali ya Hatari haiwezi kudumu zaidi ya siku 14 bila Bunge la Taifa kuiongeza. Kuiongeza mara ya kwanza kunahitaji theluthi mbili ya wajumbe wote, na mara zinazofuata robo tatu. Fikirini jambo hilo. Ile ya 1952 ilidumu zaidi ya miaka saba. Kifungu cha 95 kinasema kwamba kutangaza vita kunahitaji idhini ya Bunge la Taifa. Na kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni juu ya jambo lolote lililo katika mamlaka yake. Kila mtu! Hata kibarua wa mkonge wa Mwatate. Hahitaji kuficha karatasi ndani ya kiatu.

Lakini ombi lenye maneno kama “twateseka sana, tusaidieni” halitamsaidia mjumbe. Ataliweka chini ya mengine. Andikeni kama walivyoandika wale wa kambini: nani, wapi, siku gani, saa ngapi, nani aliona, nani aliambiwa, akajibu nini. Jambo moja katika karatasi moja. Nakala mbili, moja ibaki kwa katibu wa tawi. Kisha mfuateni mjumbe, mwulizeni ameuliza swali lini, na jibu limeandikwa wapi. Akisema alishindwa kwa kura, msimcheke. Mwulizeni waziri alisema nini kabla ya kura, na mlitunze jibu hilo. Litatakiwa.

Nimalize kwa habari ya mtu mmoja. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya waliishtaki Serikali ya Uingereza mahakamani London juu ya mateso ya kambini. Mmoja wao alikuwa Mzee Wambugu wa Nyingi, aliyezuiliwa miaka tisa bila hukumu. Siku ile ya Hola alipigwa mpaka akazimia, na alizinduka akiwa amelazwa kati ya maiti. Serikali ile ilipobanwa mahakamani, mwaka 2011 ikakiri kwamba ilikuwa na maelfu ya karatasi za makoloni zilizofichwa katika jumba moja liitwalo Hanslope Park, zilizoondolewa Kenya wakati wa Uhuru. Oktoba 2012 jaji akasema kesi iendelee, ijapokuwa zaidi ya miaka hamsini imepita, kwa sababu maandishi yapo ya kutosha. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alisimama katika Bunge lile lile, akasema serikali yake inasikitika, na italipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya watu 5,228.

Ndugu Mwenyekiti, nimekwisha. Mwenye swali na aulize, na katibu aandike.